Monero, Ethereum Classic au Ravencoin: kompyuta ya nyumbani ichimbe nini kwa umeme wa LUKU?

Mpwa wangu alinipigia simu saa nne usiku.

"Shikamoo mjomba. Nichimbe sarafu gani?"

"Marahaba. Kwenu mnatumia uniti ngapi kwa mwezi?"

Kimya. Alikuwa ameshanunua kadi ya grafiki ya mtumba Kariakoo, RX 580 ya GB 8, kwa laki mbili na nusu. Muuzaji alimwambia kadi hiyo inachimba, na hakumdanganya, inachimba kweli, yaani inafanya hesabu za mtandao wa sarafu ya kidijitali na kulipwa kwa sarafu hiyo. Ila hakuna aliyemuuliza kama mita ya kwao ni D1, bei nafuu ya wanaotumia umeme kidogo, au T1, bei ya matumizi ya kawaida, na jibu la swali lake limejificha humo zaidi kuliko kwenye jina la sarafu yoyote.

Mimi ni fundi kompyuta, na swali hili hunijia kila Bitcoin inapopanda hadi ikatajwa kwenye taarifa ya habari. Nimechoka kulijibu vipandevipande, kwa hiyo naziweka sarafu zote ubavuni mwa nyingine hapa, na hesabu zake. Nimeshika dola moja kwa shilingi 2,500, Monero kwa dola 300 na Ethereum Classic kwa dola 20. Ni bei za mfano tu. Siku unayosoma zitakuwa nyingine, ziondoe uweke za siku hiyo; njia ya kuhesabu haibadiliki.

Chungu na walaji

Kila mtandao wa sarafu inayochimbwa hugawa kiasi kilekile kwa siku, wachimbaji wawe kumi au milioni kumi. Ni kama chungu cha pilau kwenye shughuli: wageni wakiongezeka baada ya chungu kuepuliwa, sahani ndizo zinazopungua. Ukubwa wa sahani yako unapimwa kwa heshi, yaani mashine yako inajaribu mara ngapi kwa sekunde kulibahatisha jibu la hesabu ya bloku, yaani fungu la miamala linaloandikwa kwa pamoja.

Monero hutoa bloku kila dakika 2, na kila bloku hulipa XMR 0.6 (XMR ni alama ya sarafu ya Monero, kama ETC ilivyo ya Ethereum Classic na RVN ya Ravencoin). Kwa siku ni bloku 720, jumla XMR 432. Kwa bei yetu ya mfano chungu chake ni dola 129,600. Ethereum Classic hutoa bloku kila sekunde 13 hivi, na mwaka 2024 malipo yake yalishuka hadi ETC 2.048 kwa bloku. Hiyo ni karibu ETC 13,600 kwa siku, dola 272,000. Ravencoin ina bloku 1,440 kwa siku. Ukiihesabu kwa RVN 2,500 ilizoanza kulipa Januari 2022 na bei ya senti moja ya dola, chungu chote ni dola 36,000.

Anayeanza akiona hivyo hukimbilia Ethereum Classic, kwa kuwa chungu chake ndicho kikubwa. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kabla ya kutazama chungu, tazama waliokizunguka wamekuja na sahani gani.

| Sarafu | Inachimbwa kwa | Bloku kila | Malipo ya bloku | Kinachomkwamisha mtu wa nyumbani |
|---|---|---|---|---|
| Bitcoin | ASIC pekee (mashine za kazi hiyo moja) | dakika 10 | BTC 3.125 | kila kitu |
| Litecoin na Dogecoin | ASIC | dakika 2.5 na dakika 1 | LTC 6.25, DOGE 10,000 | hivyohivyo |
| Ethereum Classic | kadi ya GB 6 kwenda juu, na ASIC | sekunde 13 | ETC 2.048 (2024), hupungua | washindani |
| Ravencoin | kadi ya GB 6 hadi 8 | dakika 1 | hukatwa nusu kila miaka 4 hivi | joto na chungu kidogo |
| Monero | prosesa | dakika 2 | XMR 0.6, haipungui | kuiuza |

Bitcoin na ndugu zake: usijisumbue

Bitcoin ilipoanza Januari 2009 prosesa ya kawaida ilitosha. Watu wakahamia kwenye kadi za grafiki, na kufikia 2013 zikaingia sokoni mashine za ASIC, ambazo haziwezi kazi nyingine yoyote duniani ila hesabu hiyo moja. Antminer S21 hufanya heshi trilioni 200 kwa sekunde. Core i5 ya mezani kwako inafanya milioni kadhaa tu. Ukitwanga usiku kucha kwa laptopu hutapata hata punje.

Kuna anayesema basi anunue hiyo ASIC aifunge sebuleni. S21 inakula wati 3,500, kwa hiyo uniti 84 kwa siku. Kwa T1, ambako uniti moja pamoja na kodi na tozo inafika kama shilingi 356, hizo ni karibu shilingi 29,900 kila siku ya Mungu, na kelele zake utadhani umelaza mashine ya kusaga kitandani. Wanaochimba Bitcoin ukanda huu ni watu wenye umeme wao wa maji. Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, imekuwa ikichimba tangu 2020 kwa umeme wa mtambo wake wa Luviro. Gridless ya Kenya hufunga mashine kwenye mitambo midogo vijijini na kula umeme ambao wanakijiji hawajaumaliza. Wao wanachukua umeme uliokosa mnunuzi, wewe unachukua wa LUKU. Ugomvi huo usiuingie.

Vipo pia vifaa vidogo vya bahati nasibu, kama Bitaxe, vya heshi trilioni 1 hivi kwa wati zisizofika 20. Umeme wake haukuumizi. Lakini mtandao wa Bitcoin umeshafika kiwango ambacho kifaa kama hicho, kwa wastani, kingepata bloku moja kila miaka 19,000. Ukitaka kukiweka kama pambo, sawa.

Litecoin na Dogecoin huchimbwa pamoja kwa mashine moja tangu 2014, na mashine hiyo nayo ni ASIC. Kaspa iliwapa watu wa kadi furaha fupi: ilianza Novemba 2021, ikapanda, na 2023 ASIC zake zikatoka, kadi zikafa njaa. Nimeitaja kwa sababu utaiona bado kwenye video za zamani ikisifiwa. Sarafu ya kadi ikishanona, watengeneza ASIC huisikia harufu.

Monero: ndiyo pekee iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine uliyonayo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye mjadala wa kweli.

Tarehe 30 Novemba 2019 Monero ilibadilisha kanuni yake ya hesabu ikaleta RandomX. Badala ya kurudia hesabu moja, RandomX huiamuru mashine iendeshe programu ndogondogo za kubahatisha, zinazobadilika kila mara, na ziguse kumbukumbu nyingi. Hiyo ndiyo kazi ambayo prosesa ya kawaida imezaliwa nayo. Kadi ya grafiki huhangaika nayo. Mchimbaji mkubwa wa Monero anatumia prosesa za aina ileile ya kwako, tofauti ni kwamba anazo nyingi. Tena tangu Juni 2022 malipo yake yamesimama kwenye XMR 0.6 kwa bloku na kwa kanuni hayatashuka tena, tofauti na sarafu zinazokatwa nusu kila baada ya miaka.

Kabla ya kupakua XMRig, programu inayotumiwa na wengi, angalia mambo mawili kwenye kompyuta yako. La kwanza ni RAM: RandomX inataka GB 2 na kidogo peke yake, kwa hiyo kompyuta ya GB 4 yenye Windows itapumua kwa shida. Vijiti viwili vya RAM vya GB 4 hufanya vizuri kuliko kimoja cha GB 8. La pili, ambalo watu hawaliangalii kabisa, ni kashe ya L3, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Kila uzi wa kazi, yaani kila kazi ambayo prosesa inaiendesha sambamba na nyingine, unataka MB 2. Ryzen 5 3600 ina MB 32, nyuzi zake zote 12 zinafanya kazi bila kugombana. Core i5-8400 ina viini 6 lakini kashe ni MB 9, kwa hiyo ni nyuzi 4 tu zinazopata nafasi. Ryzen 5 5600G, ambayo wauzaji huisifu kwa kuwa haihitaji kadi ya grafiki, ina MB 16, nusu ya ile ya 3600. Bei juu, kashe chini. Muulize muuzaji L3 ni ngapi uone atakavyokutazama.

Sasa shilingi. Ryzen 5 3600 hutoa heshi 7,000 hivi kwa sekunde, na kompyuta nzima ukiipima ukutani inakula kama wati 120. Tuseme mtandao mzima uko kwenye heshi bilioni 5. Sehemu yako ya XMR 432 za siku ni XMR 0.0006, kwa mwezi XMR 0.018, yaani dola 5.44, yaani shilingi 13,600. Umeme wa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 86.4. Kwa T1 ni shilingi 30,760. Hasara ya shilingi 17,000 na ushee kila mwezi.

Mwenye D1 atasema, mimi uniti ni shilingi 122 pamoja na tozo, kwa hiyo 86.4 ni shilingi 10,500, nimepata faida ya 3,000. Hesabu nzuri, ila D1 ina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Kompyuta peke yake imeuvuka kabla hujawasha taa, na kila uniti inayozidi inatozwa 350 kabla ya kodi, ghali kuliko hata T1. Ukiendelea hivyo unahamishiwa T1, na kurudi D1 si kazi ya siku moja. Kuchimba kunaweza kuipandishia nyumba nzima bei ya umeme, friji na pasi zikiwemo. Hili ndilo nililokuwa namtafutia mpwa wangu nilipomuuliza uniti.

Kwa hiyo mwenye D1 achimbe saa 8 tu usiku, kama nyumbani kuna nafasi ya uniti 29 ndani ya zile 75. Mapato ni shilingi 4,536, umeme 3,514. Baki ni shilingi 1,022 kwa mwezi. Chapati mbili, na bado hujalipa ada ya kikundi wala ya kuuzia.

Prosesa kubwa hubadilisha picha kidogo. Ryzen 9 5950X inafika heshi 20,000, na kompyuta yake ukutani ni kama wati 200. Kwa mwezi mapato ni shilingi 38,900, umeme wa T1 ni 51,300. Bado hasara, ila tazama ilipo: mashine hii inaweza kulipa umeme wa hadi shilingi 270 kwa uniti, ile ya kwanza inaishia 157. Laptopu ya zamani haifiki hata hapo. Hivyo ukilinganisha mashine, gawanya heshi kwa wati. Ile 3600 ni heshi 58 kwa wati, 5950X ni 100. Namba hiyo ina maana kuliko heshi peke yake, na ndiyo itakayokueleza kama usumbuke.

Kenya hesabu ni kali zaidi. Mwenye nyumba anayevuka uniti 100 kwa mwezi analipa bei inayokaribia shilingi 30 za Kenya kwa uniti ukishajumlisha kodi na tozo zote, na hapo hata 5950X inachechemea vibaya.

Monero ingefika dola 680 huku mtandao ukibaki ulivyo, Ryzen 5 ya mwenye T1 ingetoka sare. Ila mtandao haubaki ulivyo. Bei ikipanda, waliozima wanawasha.

Nimewahi kuiendesha miezi minne kwenye kompyuta ya karakana, mwaka ambao nilikuwa na muda. Programu haikunisumbua hata siku moja. Kilichonisumbua ni chumba. Chini ya bati, Januari na Februari ya Dar es Salaam, prosesa ilikuwa haishuki chini ya nyuzijoto 85, vumbi likajaa kwenye mapezi ya kipoozi, na mwezi wa nne feni ikaanza kulia kama chiriku, kisha ikanyamaza. Feni mpya ilikula mapato ya miezi miwili. Anayechimba kwa laptopu ajue hana feni ya kubadilisha kirahisi hivyo.

Kikundi cha kuchimbia, ambamo wachimbaji huunganisha heshi zao na kugawana malipo, kwa mtu wa heshi 7,000 ni lazima. Peke yako unaweza kukaa miaka bila bloku. Kuna vikundi vya kawaida vinavyokata ada ya karibu asilimia 1 na kukulipa ukifikisha kiwango fulani. Soma kiwango hicho kabla hujajiunga, maana ukikuta ni XMR 0.1 utasubiri karibu nusu mwaka kuona malipo ya kwanza. Kuna P2Pool, ambayo haina mwenyewe wala ada, na hulipa moja kwa moja kwenye pochi yako. Nilitamani kuisifu bila masharti, hasa baada ya MineXMR, kikundi kilichokuwa kimekua hadi kutishia mtandao, kufungwa Agosti 2022. Tatizo ni bando. P2Pool hufanya vizuri ukiwa na nakala yako ya daftari zima la miamala ya Monero, na hata nakala iliyopunguzwa iko karibu GB 100. Mwenye intaneti ya waya nyumbani, sawa. Mwenye bando la wiki aingie kikundi cha kawaida. Kuchimba kwenyewe hakuli data nyingi.

Tahadhari moja ya usalama. XMRig ikishuka tu, antivairasi itapiga kelele, kwa sababu wahalifu huificha programu hiyohiyo kwenye kompyuta za watu ili wachimbe kwa umeme wa wengine. Basi mtu huzima antivairasi akapakua kutoka kiungo alichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, na hapo ndipo anapowachimbia wengine kweli. Pakua kwa watengenezaji wenyewe, linganisha alama ya faili na waliyoitangaza wao, ruhusu folda hiyo moja tu.

Sarafu za kadi ya grafiki

Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha kuchimbwa. Kadi zote zilizokuwa zikiihudumia duniani zikabaki bila kazi siku moja, nyingine zikamwagika sokoni, na ndiyo sababu RX 580 leo inapatikana kwa bei ya kutamanisha. Zilizobaki kazini zikahamia kwenye vyungu vidogo vilivyosalia. Ethereum Classic ilipokea wageni wengi kuliko wote, pamoja na ASIC ambazo zilikuwa zimetengenezwa kwa Ethereum.

Sasa weka RX 580 ya mpwa wangu hapo. Inatoa heshi milioni 30 kwa wati kama 120, kadi pekee. Tukiuchukulia mtandao kuwa heshi trilioni 300, sehemu yake ni ETC 0.00136 kwa siku. Kwa mwezi ni senti 82 za dola, shilingi 2,040. Umeme wa kadi hiyo kwa T1 ni shilingi 30,760. Sijakosea nukta. Anatia mafuta ya thelathini elfu kubeba abiria wa elfu mbili. Hata kwa D1 isiyo na ukomo angelia.

Kuna na suala la kumbukumbu. Faili ambayo kadi inapaswa kuibeba ili kuchimba Ethereum Classic huongezeka polepole, na imeshaufikia ukingo wa kadi za GB 4. Usinunue ya GB 4 kwa bei yoyote. Mtandao wenyewe ulishambuliwa na watu waliokodi nguvu ya kutosha kuandika upya bloku, Januari 2019 na tena Agosti 2020, jambo la kulijua kama unapanga kuzitunza sarafu badala ya kuziuza.

Ravencoin ilizaliwa Januari 2018 na nia ya kuwapendelea watu wa kadi. Mei 2020 ilihamia KawPow, kanuni inayolazimisha kadi itumie karibu viungo vyake vyote ili ASIC isipate mwanya. Imefanikiwa kwa hilo. Gharama yake ni kwamba kadi inachemka kuliko kwenye Ethereum Classic na kula wati zaidi, na faili yake ya kumbukumbu inakua haraka, GB 6 ikibanwa, GB 8 ikilala usingizi. Sifa ya haki ninayoipa ni kuwa ukiwa na kadi mpya yenye ufanisi unashindana na watu wa daraja lako. Lakini rudi kwenye chungu: ni kidogo, na hukatwa nusu kila baada ya bloku milioni 2.1.

Ergo, iliyoanza 2019, inaipumzisha kadi kuliko Ravencoin, na kama chumba chako ni cha joto hilo ni jambo. Soko lake ni jembamba. Sina zaidi ya hapo.

Kati ya hizi, kadi ya zamani isichimbe yoyote kwa umeme wa kununua. Mwenye kadi mpya ya GB 8 au zaidi na nguvu ya jua aanze na Ravencoin, abadilishe kwa kufuata tovuti ya WhatToMine, ambako unaandika kadi yako na bei ya umeme wako inakupangia. Andika bei yako ya kweli. Ile wanayokuwekea mwanzoni ni senti 10 za dola, na T1 yetu, kwa dola ya shilingi 2,500, ni zaidi ya senti 14.

Kuuza nguvu badala ya kuchagua sarafu

NiceHash ya Slovenia inakuondolea swali la sarafu gani. Unawasha programu yake, inapima mashine, wanunuzi wanakodi nguvu yako kwa sarafu waitakayo wao, unalipwa kwa Bitcoin. Kwa mtu asiyetaka kujifunza lolote ni raha. Ila Desemba 2017 iliibiwa Bitcoin zipatazo 4,700 zilizokuwa za wateja, na ingawa baadaye ilirejesha, fundisho lake ni kwamba usiache mapato yako kwao yakalala. Na haiongezi chungu: umeme ukishinda mapato kwenye Monero, utashinda na huku.

Uchimbaji wa simu nitaupita haraka. Pi, sarafu ya programu ya simu iliyoanza Machi 2019, haifanyi hesabu yoyote unapobonyeza kile kitufe. Umeandikishwa tu kwenye orodha ya mgao. Verus huchimbwa kweli kwa simu, ila betri ya simu inayochemka usiku kucha huvimba. Nimeshafungua simu za namna hiyo, hazipendezi.

Kuitoa iwe shilingi

Hapa Monero inapoteza alama. Binance, soko kubwa la sarafu hizi, iliiondoa Februari 2024, na masoko mengine makubwa yaliifungia kwa sababu miamala yake haifuatiliki. Utalazimika kuibadilisha kwanza iwe sarafu nyingine, kisha uuze kwa mtu anayekutumia kwenye simu, na kila hatua inakatwa chake. Ethereum Classic na Ravencoin huuzwa kirahisi zaidi. Kwa mapato ya shilingi elfu kumi, ada mbili za kubadilisha si jambo dogo, kwa hiyo anayechimba Monero akusanye miezi sita auze mara moja.

Kuhusu serikali, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kuwa sarafu hizi hazitambuliki kisheria, kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Mtoto asiyetambuliwa, lakini ada ya shule analipiwa. Kenya ilianza na asilimia 3 mwaka 2023, ikaifuta 2025 na kuweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma.

Basi nani achague nini

Kama una Ryzen yenye kashe ya L3 ya MB 32 au zaidi na sola inayojaza betri kufikia saa sita mchana, mchana uliobaki ni wa Monero. Umeme huo ungepotea. Hapo shilingi 13,600 za mwezi zinashuka hadi labda robo kwa kuwa huchimbi usiku wala asubuhi, ila hakuna LUKU nyuma yake. Hii ndiyo hali pekee ya nyumbani ambayo naweza kuisemea bila kusitasita.

Kama uko D1 na uniti zinabaki, Monero saa chache usiku, kwa kujifunza. Utajua pochi ni nini, bloku ni nini, na hutatapeliwa kirahisi na wanaouza "uchimbaji wa mbali". Kama uko T1 na unataka tu kuwa na sarafu, zile shilingi 30,760 za umeme wa mwezi zinunue XMR moja kwa moja: kwa bei yetu ya mfano unapata 0.041, wakati mashine ingekuchimbia 0.018. Kompyuta ibaki imezimwa.

Na kama una kadi peke yake, kama mpwa wangu, basi fikiria utaitumia kwa jambo gani jingine.

Jumapili iliyopita nilipita kwao. RX 580 iko palepale kwenye kompyuta, inafanya kazi vizuri sana. Nilimkuta na wenzake watatu wanacheza mpira kwa zamu, na dada yangu mlangoni akiuliza ni nani amemaliza uniti.